Mtani Aliyelala Njiani

Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani. Kubwa, ya duara, imezungushiwa rangi ya dhahabu. Mtu umeshamwambia kazi imeisha, hana tena pa kuwahi, halafu unampa saa! Lakini nilishukuru, nikapiga nayo picha. Sasa hivi sinayo, na wala sijaibiwa. Nitafika huko. Kwanza nyie mnaobaki kwenye ofisi ya mshauri wa wanafunzi mnisomee, hasa wewe Neema uliyekalia kiti changu, maana mimi kile kiti sikukikalia sana na nataka ujue kwa nini.

Mambo ya vyeo na mishahara siandiki. Waliopanda walipanda, waliokwama walikwama, hayo hayatakusaidia siku mwanafunzi amejifungia chooni. Na naandika kama ninavyoongea, haraka haraka, kwa sababu nina mahindi shambani Mshangano yananisubiri na mvua imeshaanza.

Nilitoka Nalasi, huko Tunduru, na cheti cha kidato cha nne, sanduku la bati, na mfuko wa korosho ambao mama alisema nimpe mkubwa wangu wa kazi. Nilifika Songea mwezi wa sita. Hakuna aliyenionya kuhusu baridi. Niliingia getini chuo cha ualimu nimejifunga kanga mbili mabegani, meno yanagongana, nikaonyeshwa mwalimu Nchimbi, ambaye ndiye alikuwa mshauri wa wanafunzi. Mtu mnene, mpole, anatembea polepole kama anaogopa kuamsha mtoto. Wote walimwita Baba Nchimbi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye Somoe, matroni mpya? Koti liko wapi?"

"Sina, mwalimu."

"Haya, utajua mwenyewe." Akapokea korosho, akaanza kuzila palepale amesimama, akanipa funguo za bweni la wasichana.

Nikamuuliza, "Nikae wapi?"

"Kukaa? Kwani umekuja msibani?"

Ndiyo salamu yangu ya kwanza ya kazi hiyo.

Mchana huohuo binti mmoja alijifungia stoo ya bweni. Alikuwa hajawahi kutumia pasi ya umeme, akaunguza shuka la mwenzake, wenzake wakamcheka mpaka akakimbia. Mlinzi alikuja na nyundo. Mimi nilikuwa tayari kumpisha, maana subira sikuzaliwa nayo. Baba Nchimbi akamwambia mlinzi aende akanywe chai. Kisha akaketi chini sakafuni, na ule mwili wake, akaegemea mlango. Hakumuuliza binti kitu. Akachukua korosho moja kwenye mfuko wa mama yangu, akaisukuma chini ya mlango. Akasukuma nyingine. Halafu akaanza kunisimulia mimi, kwa sauti ya kusikika ndani, jinsi yeye mwenyewe alivyounguza suruali ya harusi yake asubuhi ya harusi, akaingia kanisani amevaa ya mdogo wake, haifungi kiunoni, ameishika kwa mkono wakati wa kiapo.

Ndani tukasikia mtu anacheka. Kitasa kikazunguka.

"Umeona?" Baba akaniambia huku ananyoosha mkono nimnyanyue. "Sasa nivute, mimi ndiye niliyekwama."

Tangu siku ile kwenye droo yangu hapajawahi kukosa korosho. Neema, droo ya kulia. Usiwape walimu, wanamaliza.

Vifaa vingine ni hivi. Mabuti ya mvua, kwa sababu udongo wa Lizaboni mwezi wa pili haumjui mkubwa wala mdogo. Kanga moja safi, kwa msichana yeyote aliyepatwa na jambo la ghafla darasani. Filimbi, ambayo sijawahi kuipuliza ila mara moja, ng'ombe walipoingia kwenye mahafali. Kompyuta ipo, lakini sijaona kesi iliyomalizwa na kompyuta.

Na utaratibu ni mmoja tu, nao ni wa Baba Nchimbi. Kesi haipelekwi kamati ya nidhamu kabla mshauri hajaenda kwa aliyekosewa, nyumbani kwake, kwa miguu yake, akala anachopewa. Na ukiwa huko usiongee na wanaopiga kelele tu. "Kwenye kila kesi," Baba alikuwa anasema, "kuna mtu ambaye hajaulizwa. Mtafute huyo, Somoe. Wengine wote utawakuta barabarani wanaongea." Nilimwona anafanya hivyo mwaka hadi mwaka. Nikadhani ni uzee. Kumbe ndiyo kazi yenyewe.

Sasa nimlete mpishi. Bila Komba chuo kile kingefungwa zamani.

Komba alikuwa mpishi mkuu, mrefu, mwembamba, na mwiko wa ugali mrefu karibu sawa na yeye. Mwaka wa maharage yenye wadudu wanafunzi waligoma, wakajaa uwanjani na sahani zao wanapiga kelele. Mkuu wa chuo wa wakati ule alijifungia ofisini. Komba alitoka jikoni na sahani ya maharage yaleyale, akasimama katikati yao, akala yote taratibu, akalamba kijiko. Kisha akasema, "Mimi nimekula. Nikifa, mgome. Nisipokufa, njooni mnisaidie kuchambua ya jioni." Wakacheka, wakaenda kuchambua maharage. Mimi nilichambua nao mpaka macho yakauma. Mgomo uliishia kwenye ungo.

Na Komba alikuwa na jambo lake na Wahehe, ambao hutaniwa kuwa wanakula mbwa. Mwanafunzi akitoka Iringa tu, Komba anamjua kabla hajasema jina. Foleni ya chakula inasonga, Mhehe anafika dirishani, Komba anafunika sufuria.

"Leo ni ng'ombe, mtani. Nakuomba radhi, mbwa tumekosa."

"Nyie Wangoni mngemkosaje, wakati mlikimbia naye vitani?"

"Ondoka hapa na pombe yako ya ulanzi! Lete sahani."

Na anamwongezea nyama. Kila siku. Kwa hiyo chuo kizima kilijua: Komba ni Mngoni, na Wangoni na Wahehe ni watani tangu wapigane enzi za mababu. Anaongea Kingoni kama amezaliwa Maposeni, kwa Wangoni wenyewe. Nani angemuuliza zaidi? Jina lenyewe Komba, na Komba wamejaa mkoa mzima.

Baba Nchimbi akastaafu, ofisi ikaja kwangu. Nilikuwa nimesoma jioni jioni, imetosha hapo. Mwaka ule ndipo alipoingia Faraja Kikoti, kijana wa Kilolo, Mhehe kamili, mdomo haufungi. Mama yake alimsomesha kwa kubeba mbao kichwani kutoka msituni. Faraja na Komba wakawa kama baba na mwana wanaotukanana. Kijana alipougua malaria, Komba ndiye aliyempelekea uji bwenini, akasimama mlangoni anasema, "Kunywa ufe umeshiba." Nilimsikia kwa masikio yangu.

Halafu Komba akafa. Ghafla tu. Aliumwa kifua, akapelekwa hospitali, hakurudi. Faraja alikuwa amebakiza mtihani wa mwisho awe mwalimu.

Siku ya mazishi, nyumbani kwa Komba mtaa wa Lizaboni palijaa. Ibada ikaisha, vijana wakanyanyua jeneza. Tulipotoka uani, njiani kulikuwa na mtu amelala chali. Faraja. Amevaa aproni ya Komba, nyeupe, ina mafuta, na ule mwiko ameulaza kifuani.

"Haendi mtu!" anapiga kelele. "Huyu mzee aliniahidi paja la kuku! Fungueni hilo sanduku, nimuulize kuku wangu yuko wapi! Anajifanya amekufa ili asinipe!"

Ndugu zangu, mtani akilala njiani msibani, mnajua taratibu. Anabembelezwa, anapewa kitu, hata kikombe, hata kuku mwenyewe, anaamka, msiba unapita. Majirani Wangoni walianza kucheka huku wanalia. Bibi mmoja alikuwa ameshaanza kufungua fundo la kanga ampe kitu.

Ndipo mzee mmoja akatoka mbele. Alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, anaitwa Mzee Kanuti, amefika asubuhi ile kutoka Mbinga na ndugu zake.

"Huyu ni mtoto wa nani? Mdogo wangu yuko ndani ya sanduku, wewe unadai kuku?"

"Baba, mimi ni mtani, ni Mhehe..."

"Mtani wa nani? Sisi ni Wamatengo! Komba ni Mmatengo, baba yake Mmatengo, mama yake Mmatengo! Sisi na Wahehe hatuna utani wowote! Mtoeni!"

Vicheko vikakatika. Miaka yote ile tulikuwa tunamwita Mngoni. Vijana wakamshika Faraja miguu na mikono, wakamtoa, mwiko ukabaki chini. Jeneza likapita. Kijana alikaa kwenye mtaro analia, aproni imejaa matope.

Kesho yake Mzee Kanuti alikuwa chuoni na ndugu wawili. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimwambia mkuu wa chuo kwamba kama mwanafunzi aliyemdhihaki marehemu atapewa madarasa ya watoto wa watu, basi yeye atauliza mpaka wizarani. Mkuu wetu alikuwa mgeni, mtu wa utaratibu. Akaniita.

"Mama Somoe, kamati ikae Ijumaa. Huyu anaondoka."

"Mkuu, amebakiza mtihani."

"Ndiyo maana anaondoka Ijumaa na siyo Jumatatu."

"Nipe nafasi nifike nyumbani kwa marehemu kwanza."

"Ukafanye nini? Familia imeshakuja hapa."

"Waliokuja ni wanaume watatu, mkuu. Familia bado sijaiona."

Akapandisha mabega. Nikatoka kabla hajabadilisha mawazo.

Faraja nilimkuta bwenini anafunga begi. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Mama, nitamwambia nini mama yangu? Nilimpenda yule mzee." Nikamwambia afungue begi, arudishe nguo mahali pake, asiniongezee kazi. Nikavaa mabuti.

Kule msibani Mzee Kanuti alikuwa chini ya turubai. Nilimwamkia, nikampa pole. Akanijibu vizuri, ila nilipotaja Faraja akageuza uso.

"Mama, mimi nilikuwa usiku kucha njiani kuja hapa. Nimemzika mtoto niliyembeba mgongoni. Kitu nitakachokumbuka maisha yangu yote ni kijana mwenye mwiko. Ungekuwa wewe?"

Mtu akisema kweli, mwache. Nikaenda jikoni uani nikakunja mikono, nikaosha masufuria na akina mama. Wakanipa ugali na likolo, mboga za majani za huku, nikala. Hapo ndipo nilipojiuliza swali la Baba Nchimbi: nani hajaulizwa? Nikaangalia mlango wa chumba. Mjane.

Bi Editha alikuwa amekaa kwenye mkeka, kanga nyeusi kichwani. Watu wanaingia, wanalia, wanatoka. Nikakaa karibu naye, nikasubiri kidogo, na mnajua kusubiri kwangu.

"Mama, nisamehe kuuliza. Yule kijana wa mwiko. Alikuumiza?"

Akanitazama. "Tangu tumezika, nangoja mtu aniulize. Wamekwenda huko chuoni kwenu, hata kuniaga hawakuniaga."

"Nakuuliza mimi."

"Mimi ni Mngoni, mama. Mngoni wa Maposeni. Komba aliponioa alisema, nikikuoa wewe nimeoa na watani wako. Ndiyo maana alikuwa anawachokoza Wahehe huko kwenu, akirudi jioni ananisimulia: leo mtani wako kanijibu hivi, leo kanijibu vile. Kuhusu huyo Faraja nimecheka humu ndani mpaka mbavu zikauma." Akafuta pua. "Tangu hospitali nilikuwa sipumui. Nilipomsikia pale nje anadai kuku, nikacheka. Ndipo pumzi ikarudi. Halafu wakamburuza kama mwizi. Mtani wangu ameondoka kwangu mikono mitupu. Unajua maana yake?"

"Naijua. Msiba bado haujapita."

"Basi kamwite. Siku ya kuanua tanga aje. Na huyo mkubwa wenu aje. Aje na kamati yake, wale pilau."

Nyie, nilitembea kutoka Lizaboni mpaka chuoni sikuhisi mabuti. Mkuu wa chuo alianza kusema hajawahi kuona kamati ya nidhamu ikikaa msibani. Nikamwambia na mimi sijawahi kuona mjane akikataliwa mwaliko. Hapo akakubali, maana mtu wa utaratibu ukimwonyesha utaratibu mkubwa kuliko wake anatulia. Tanga lilikuwa linaanuliwa Alhamisi. Afadhali hiyo. Ingekuwa Jumamosi sijui ningefanya nini.

Siku yenyewe tulikwenda wote, mkuu na suti yake, wanakamati nyuma, Faraja katikati yao amevaa shati jeupe na uso kama wa mtu anayepelekwa kuchinjwa. Nilimwambia jambo moja tu njiani: "Ukifika, usimtafute mjane. Mtafute Mzee Kanuti." Akafanya hivyo. Alikwenda moja kwa moja chini ya turubai, akapiga magoti.

"Shikamoo, baba mkubwa. Sikujua kwamba ninyi si watani wangu. Nilikosea kwako. Nilimpenda, ndiyo maana nililala pale. Naomba unisamehe."

Mzee hakuitikia. Akatazama pembeni. Na wakati huohuo mlango ukafunguka, Bi Editha akatoka, ameshika mwiko mkubwa kwa mikono miwili.

"Shemeji," akamwambia Mzee Kanuti, "mdogo wako ni wako, sibishani. Lakini nyumba hii ni yangu, na huyu ni mtani wangu. Alikuja kunifuta machozi, mkamtoa kabla hajapewa kitu. Mgeni wangu mimi, shemeji! Utani ulikatwa katikati. Mimi sianui tanga na utani umelala njiani."

Kisha akamgeukia Faraja. "Wewe Mhehe! Simama. Kuku hakuna, alimla mwenyewe, tena hakukubakizia hata mguu. Chukua huu. Ukapikie mbwa wako."

Akampa ule mwiko.

Palilipuka. Vigelegele, vicheko, watu wanapiga makofi, bibi yule wa kanga anacheza. Faraja amekumbatia mwiko analia kama mtoto. Nilimtazama Mzee Kanuti. Alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Analia pia, lakini anacheka.

"Sasa mimi," akasema alipopata sauti, "katika utani huu niko upande gani?"

Nilimwona Faraja anajizuia. Hakuweza. "Wewe, baba mkubwa, ni shemeji wa mtani wangu. Unadaiwa marahaba tu. Nilikupa shikamoo tangu saa ile."

"Marahaba!" akasema mzee. "Marahaba, mjinga wewe. Njoo ukae hapa."

Mkuu wa chuo akaniinamia sikioni: "Mama Somoe, Ijumaa tuna ajenda gani nyingine?"

"Hakuna, mkuu."

"Basi kamati isikae." Akaenda kuchukua sahani ya pilau. Alirudia mara ya pili, nilimwona.

Faraja alifanya mtihani wake, akafaulu. Mama yake alikuja mahafali kutoka Kilolo, mkono wake mgumu kama ubao nikaushika muda mrefu. Kijana akapangiwa shule, na baadaye akawa mwalimu mkuu huko Madaba. Baba Nchimbi alikuwa bado hai, nilikwenda kumsimulia. Alisikiliza mpaka mwisho huku anakula korosho zangu, akauliza swali moja: "Na ulikula nini pale?" Nikasema ugali na likolo. "Vizuri," akasema, akaendelea kutafuna. Katika miaka yote ile, alhamdulillahi, sijapata sifa iliyonifurahisha kama hiyo.

Zilikuwepo kesi nyingine, nilishinda nyingi, na chache zilinishinda. Lakini hakuna mwanafunzi aliyefukuzwa mikononi mwangu kabla sijala kwa aliyemkosea. Hilo nalisema kwa mdomo mpana.

Haya, saa.

Siku ya kuniaga, hotuba zimeisha, nimebeba saa yangu ya dhahabu, nimepanda gari la chuo linipeleke nyumbani. Tunafika getini, dereva anafunga breki. Njiani amelala mtu mzima, ana kitambi, amevaa suti, na juu ya suti aproni nyeupe. Mwiko kifuani.

"Haendi mtu!" Sauti ileile. "Huyu mama anadai anakwenda, mimi sijaruhusu! Zimeni injini!"

Wanafunzi wakatoka madarasani wanakimbia. Nikateremka, nikasimama juu yake.

"Wewe Kikoti! Mimi ni Myao wa Nalasi. Mimi na wewe hatuna utani wowote!"

"Basi kamati ikae," akasema, na macho akafunga.

Nilitazama mikononi. Sikuwa na kuku, sikuwa na kikombe. Nikamwekea saa juu ya tumbo, ikawa inapanda na kushuka anavyocheka. Akaamka, gari likapita.

Kwa hiyo ukifika Madaba, ofisi ya mwalimu mkuu, utaiona ukutani, pembeni ya mwiko. Nimesikia inachelewa.